Hadithi za Kubuni za Vijana katika Vipindi vya Dini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu na Wazazi wa Kigoma

Maswali haya yametoka kwa walimu wa dini wanaojitolea, wazazi na walezi wa vijana wa Kigoma mjini, Ujiji na Kasulu, ambao wameanza kutumia riwaya na hadithi fupi za vijana katika vipindi vya dini, au wanafikiria kuanza. Anayejibu ni mwalimu wa dini ya Kikristo katika shule ya sekondari, ambaye pia huendesha, pamoja na ustadhi mwenzake, klabu ya kusoma inayokutana mara moja kwa wiki baada ya masomo.

"Maswali ya maisha" ni maswali gani hasa?

Ni maswali ambayo mtu hujiuliza kwa sababu anaishi, wala si kwa sababu yatatoka katika mtihani. Kwa nini mwema apatwe na msiba? Nani ana haki ya kusamehe, na nani hana? Mimi ni wa nani, iwapo baba yangu simjui? Mungu yuko wapi ziwa linapochafuka? Kijana wa Kigoma hukutana na maswali haya mapema. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, watoto wa Kibirizi na Katonga waliwasikia wakubwa wakibishana kama ni haki mtu wa leo alale njaa ili mjukuu wake apate migebuka. Hilo ni swali la maisha na ni swali la dini, lakini mtoto aliyelisikia barazani hakuwa na mahali pa kulileta darasani.

Tuna Biblia na tuna Qurani. Kwa nini tuhangaike na visa vya kubuni?

Havichukui nafasi ya maandiko, na mwalimu anayeviweka mahali pa maandiko amekosea njia. Kazi yake ni nyingine, nayo inaonekana wazi katika maandiko yenyewe. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani hakumwendea mfalme Daudi na orodha ya dhambi zake. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu, aliyekuwa akila kwake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira, akamhukumu yule tajiri, na ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi asingeweza kulitazama kosa lake ana kwa ana. Alilitazama vizuri kabisa lilipovaa sura ya mtu mwingine.

Vijana wetu nao wako hivyo. Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili kama amewahi kumwonea wivu ndugu yake, atainamisha kichwa. Mpe kisa cha ndugu wawili, mmoja akasomeshwa na mwingine akabaki kwenye mawese, kisha umuulize yule wa pili alijisikiaje, naye atazungumza kwa dakika kumi bila kusita. Anazungumza juu ya mhusika, na wewe mwalimu unajua, naye kwa sehemu anajua, kwamba hazungumzi juu ya mhusika peke yake.

Je, kubuni si kusema uongo?

Wazee wetu walilijibu swali hili kabla hatujazaliwa. Msimulizi alipoita "Hadithi, hadithi!", wasikilizaji walimwitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo ulitajwa mlangoni, mbele ya wote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyedanganywa. Mwongo ni yule anayetaka umwamini. Msimulizi anataka ufikiri pamoja naye.

Hata hivyo, lipo jambo la lugha ambalo mwalimu wa Kikristo kama mimi huchelewa kuligundua. Kwa mwanafunzi Mwislamu, neno "hadithi" ni kwanza kabisa maneno na matendo ya Mtume Muhammad yaliyopokewa kwa silsila ya wapokezi, na visa vya Qurani, kama kile cha Nabii Yusuf katika sura ya 12, ni habari za kweli ambazo aya ya mwisho ya sura hiyo inasema wazi kuwa si maneno yaliyozushwa. Ukiingia darasani Ujiji na kusema "leo tutasoma hadithi iliyotungwa", unaweza kumuudhi mtu bila kukusudia. Ustadhi mwenzangu ndiye aliyenishauri tuseme "kisa cha kubuni" au "riwaya", na tangu siku hiyo sijasikia tena lalamiko la aina hiyo.

Kisa cha aina gani kinafaa?

Kinachofaa ni kisa ambacho mwandishi wake hakukimbilia kumwadhibu mkosaji katika ukurasa wa mwisho. Vitabu vingi tunavyoletewa vimetungwa kama mahubiri: msichana aliyekataa ushauri anapata balaa, aliyetii anapata kazi nzuri mjini, na mwanafunzi anajua mwisho tangu ukurasa wa tatu. Hapo hapana swali, na pasipo swali kipindi hugeuka kuwa mazoezi ya kubashiri mwalimu anataka kusikia nini.

Tafuta kisa ambacho watu wawili wema wanaweza kukisoma wakatofautiana. Tafuta mhusika mwenye umri wa karibu na wa wanafunzi wako, mwenye jambo la kuamua, na mwenye sababu nzuri za kuamua hivi na sababu nzuri za kuamua vile. Urefu si hoja. Kurasa nne zilizoiva zinakidhi kipindi cha dakika 40 kuliko kitabu kizima kinachosomwa kwa kurukwarukwa.

Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini wameisoma katika somo la Kiingereza, ni mfano wa kitabu kilichomo tayari mikononi mwetu. Mama anatoroka na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe kwa mujibu wa mila. Mkoa wetu haukisomi kisa hicho kama habari za mbali, kwa kuwa shule ya msingi ya Kabanga, wilayani Kasulu, iliwapokea watoto wenye ualbino waliokimbia makwao kwa kuhofia kuuawa. Mwalimu wa Kiingereza atauliza juu ya dhamira na wahusika. Mwalimu wa dini anaweza kuuliza swali jingine: mila ikiamuru jambo, na moyo wa mama ukikataa, ni sauti ipi kati ya hizo mbili inayotoka kwa Mungu, na tutajuaje?

Kipindi chenyewe kinaendeshwaje?

Nitaeleza kipindi kimoja badala ya kutoa kanuni, kwa sababu kanuni nilizowahi kuziandika hazikumsaidia mwalimu yeyote.

Kisa nilikitunga mwenyewe, kurasa nne. Kijana aitwaye Sadiki ni baharia katika mtumbwi wa dagaa. Usiku mmoja wa kiza, kabla ya taa kuwashwa, mwenye mtumbwi anamkabidhi fedha zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akimwambia: "Kesho asubuhi mpelekee mwenye injini. Mke wangu hajui kama nadaiwa." Upepo unavuma, mtumbwi unapinduka, na mwenye mtumbwi haonekani tena. Sadiki anafika ufukweni na mfuko. Asubuhi anazianika noti juu ya jiwe, pembeni ya dagaa wa watu wengine, akizigeuza moja moja kama anavyogeuza samaki. Dada yake mdogo amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare. Mjane wa marehemu ana watoto wanne. Mwenye injini hajui kwamba deni lake lilikuwa njiani.

Nilisoma kwa sauti, nikasimama pale noti zilipokauka, kabla Sadiki hajaamua. Sikuuliza kitu. Nilihesabu moyoni hadi thelathini, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko kufundisha. Kisha nikawagawia vipande vya karatasi, nikawaomba waandike swali ambalo kisa kimewaachia, bila kuandika jina, na bila kuandika jibu.

Mazungumzo yalianza kwa fedha, kama nilivyotarajia: ni za nani? Mvulana mmoja akasema ni za mjane, kwa kuwa ana watoto. Mwingine akasema ni za mwenye injini, kwa kuwa deni ni deni. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kusema kidogo, akasema kwamba fedha si tatizo, kwa sababu hata zikilowa na kuchanika, kilichobaki mkononi mwa Sadiki ni kwamba marehemu alimwamini. Ustadhi akalitaja neno "amana", akaeleza uzito wake katika Uislamu, nami nikaongeza habari ya msimamizi na alichokabidhiwa katika Injili. Tulizungumza kwa dakika tano tu. Zilizobaki zote zilikuwa za wanafunzi.

Jioni nilizifungua karatasi nyumbani. Nyingi zilikuwa juu ya fedha. Moja iliandikwa kwa herufi ndogo sana, kwa penseli: "Je, maiti isiyopatikana ziwani inaombewaje?" Sikulitarajia swali hilo, wala sikuliandalia aya. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba katika darasa la watoto wa ufukweni yumo anayeisubiri maiti ambayo haijarudi. Wiki iliyofuata tulilisoma swali hilo mbele ya wote bila kumtafuta mwenye nalo. Ustadhi alilieleza kwa upande wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, nami nikaeleza jinsi baadhi ya makanisa yanavyomwombea marehemu hata pasipo jeneza. Hatukuongeza neno jingine siku hiyo.

Mwanafunzi akiuliza, nijibu au nisijibu?

Jibu, lakini usiwahi. Katika mwaka wangu wa kwanza, mwanafunzi aliuliza kwa nini Mungu aliruhusu mama wa mhusika afe wakati wa kujifungua, nami nikamjibu papo hapo kwa mstari wa Biblia niliokuwa nimeuandaa. Mstari ulikuwa wa kweli. Darasa zima likafunga madaftari, kwa maana mwalimu ameshamaliza. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimelijibu swali ili mimi mwenyewe nipate kutulia.

Maandiko yenyewe yana subira zaidi yetu. Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 unaishia kwa baba akimsihi mwanawe mkubwa nje ya nyumba, na hatuambiwi kama yule kaka aliingia karamuni au alibaki palepale. Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali ambalo Mungu anamuuliza nabii wake, na jibu la Yona halikuandikwa. Katika Surat al-Kahf ya Qurani, Musa anatakiwa na mwalimu anayemfuata asiulize mpaka aelezwe, na maelezo yanakuja mwisho, baada ya mambo yote kumshangaza. Kwa hiyo, unapolicheleweshea swali jibu lake kwa wiki moja, hukukimbia wajibu wako.

Zipo hali ambazo kuchelewa ni kosa. Mwanafunzi akiuliza kama Mungu anamchukia kwa sababu ya jambo alilofanyiwa, mjibu hapohapo, na jibu ni hapana.

Vipi kuhusu kuwachanganya wanafunzi wa dini mbili?

Vipindi vya dini katika shule zetu hufundishwa kwa kutenganishwa, kila kundi na mwalimu wake, na utaratibu huo uheshimiwe. Uhuru wa mtu kuamini dini atakayo unalindwa na ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977. Usomaji wa pamoja tumeuweka katika klabu, nje ya kipindi, kwa hiari, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na kwa kuwajulisha wazazi, na hatujawahi kuuendesha mmoja wetu akiwa hayupo.

Faida yake ni kubwa katika mji kama wetu. Ujiji ina historia ndefu ya Uislamu, na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika hapo mwaka 1879. Leo nyumba nyingi zina shangazi wa dini hii na baba mdogo wa dini ile, wanaozikana na kualikana harusini. Watoto wanakutana na tofauti hizo mezani kwao kila siku. Kisa kinawapa nafasi ya kuzizungumza bila mmoja kutetea na mwingine kushambulia, kwa sababu anayejadiliwa ni Sadiki.

Visa vinavyogusa mapenzi na mimba je? Wazazi watatuelewa?

Wengi wanaelewa wakiambiwa mapema. Mwonyeshe mzazi kurasa zenyewe badala ya kumweleza. Chagua kisa kinachozungumzia matokeo na hisia bila kueleza tendo, na usikubali kisa ambacho msichana peke yake ndiye mwenye dhambi. Tangu Serikali ilipotangaza, Novemba 2021, kwamba wanafunzi wanaokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni, darasa lako linaweza kuwa na mama mzazi wa miaka kumi na saba. Soma kisa chote kwanza ukimfikiria yeye ameketi dawati la tatu. Ukiona haya kukisoma mbele yake, kiache.

Na uchawi?

Usilikwepe. Vijiji vya mkoa huu vinawajua kamchape, wale wanaopita wakidai kuwafichua wachawi, na vinajua pia nyumba zilizobomolewa na vikongwe waliofukuzwa baada yao. Mwanafunzi akikataliwa kulizungumza darasani, ataendelea kulizungumza njiani, pasipo mtu wa kumuuliza "umejuaje?" Hapa kisa kinafaa kuliko hotuba. Bibi anatuhumiwa, mjukuu anampenda, kijiji kizima kina hakika. Usianze kwa kubishana kama uchawi upo au haupo, kwa maana mjadala huo utakula kipindi chote. Anza kwa mjukuu: anawiwa nini na bibi yake usiku ule, kabla hakijajulikana chochote?

Mwanafunzi akifichua jambo zito kupitia kisa, nifanye nini?

Hili litatokea, na ujiandae kabla. Akizungumza mbele ya wenzake, mshukuru kwa upole na uyahamishe mazungumzo, kisha umtafute faraghani siku hiyohiyo. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Kama kuna dalili za ukatili, mhusishe mwalimu wa ushauri na unasihi na afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Wewe si mpelelezi, kwa hiyo usimhoji mtoto kwa kina. Sikiliza, andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na peleka taarifa panapohusika. Kumwombea ni wajibu wako pia, lakini sala haimalizi wajibu wa kutoa taarifa.

Tusome kwa lugha gani?

Kiswahili. Kwa wanafunzi wengi wa Kasulu na Buhigwe lugha ya nyumbani ni Kiha, kwa hiyo mtu akikwama, mruhusu aseme kwa Kiha na mwenzake atafsiri. Kuna mambo ya kifo na ya ukoo ambayo kijana ameyasikia kwa lugha moja tu.

Hatuna vitabu. Tunaweza kutoa nakala?

Kunakili kitabu kizima bila idhini ni kumwibia mwandishi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Nakala moja inatosha darasa zima ikiwa mwalimu anasoma kwa sauti, nami naona kusoma kwa sauti kunashinda kila mtu kuinamia chake, kwa kuwa wote wanafika penye jambo zito kwa wakati mmoja. Njia nyingine ni kutunga. Mwalimu anayeweza kuandaa hotuba ya dakika kumi anaweza kuandika kurasa nne za kisa kuhusu watu anaowafahamu, mradi abadilishe kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu.

Kazi hii isahihishwe vipi?

Imani ya mtu haitolewi alama. Ukimpa alama nyingi anayesema unachokiamini, baada ya mwezi mmoja watakuwa wameshakujua, na utasomewa maneno yako mwenyewe. Kinachoweza kupimwa ni kama mwanafunzi amekisoma kisa kwa makini, kama ametoa sababu, na kama ameweza kuieleza kwa haki hoja ya mwenzake asiyekubaliana naye. Zoezi ninalolipenda ni barua kwa mhusika. Mwanafunzi anamwandikia Sadiki usiku ule kabla ya kuamua, akijua kwamba Sadiki ana njaa na hana subira ya kusoma mahubiri. Barua zikizidi ukurasa mmoja huwa zimeanza kuhubiri.

Mzazi amekataa mtoto wake asishiriki. Nifanye nini?

Mheshimu, na mpe mtoto kazi nyingine yenye thamani ileile, asikae nje ya darasa kama aliyekosa. Kisha nenda nyumbani kwa mzazi, ukae, usikilize. Mara mbili nimefanya hivyo. Mzazi mmoja alishikilia msimamo wake, na mwanawe hakurudi klabuni mwaka ule. Wa pili, mama anayeuza dagaa sokoni, aliniomba nimsomee kisa chenyewe, nami nikamsomea pale pale barazani, wateja wakipita. Nilipofika penye noti juu ya jiwe alinyamaza, kisha akaniuliza Sadiki aliamuaje. Nikamwambia kisa hakisemi. Akasema mtoto aje wiki ijayo, na kwamba yeye mwenyewe angependa kujua watoto wamesema nini.

Maswali yanayobaki bila jibu yaende wapi?

Sisi tunayaweka katika bahasha moja iliyoko katika kabati la klabu, kila swali likiwa na tarehe yake, na mwanzoni mwa kila muhula tunaifungua na kuyasoma upya. Baadhi ya walioyaandika wameshamaliza kidato cha nne. Swali la mwenye penseli lingali humo, kwa sababu siku tulipotaka kulitoa, tukiona limeshajibiwa, wanafunzi walituomba tuliache.